Homoni Zinapovurugika: Dalili Ambazo Mama Asizifumbie Macho

(Mada iliyotolewa na mwanachama wetu, muuguzi mkunga mstaafu, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi, Iringa)



Niliambiwa nizungumzie afya ya mama, nikapewa dakika ishirini. Afya ya mama haienei katika dakika ishirini, hata miaka 32 niliyofanya kazi ya ukunga haikuitosha. Kwa hiyo nimechagua jambo moja tu, lile ninaloulizwa tangu nistaafu kila ninapokwenda, sokoni, msibani, hata kwenye daladala. Jambo hilo ni homoni.

Siku hizi kila kitu ni homoni. Mtu kanenepa, homoni. Kakonda, homoni. Kamfokea mume, homoni. (Naona akina baba mnatikisa vichwa. Subirini, hiyo tutaifikia.) Na wauza dawa nao wamelijua neno hili kuliko sisi tuliolisomea. Anakuja mtu na mkoba wake, anakuonyesha picha kwenye simu, anakwambia hii ni dawa ya kusawazisha homoni na kusafisha kizazi, chupa moja shilingi 35,000, dozi chupa tatu. Hajakupima chochote. Hata umri wako hajauliza.

Sisemi homoni hazivurugiki. Zinavurugika kweli, na dalili zake zipo. Ninachotaka tuelewane leo ni kwamba kila tezi ikivurugika huleta dalili zake na ina kipimo chake, na kwamba zipo dalili tunazoziita homoni kumbe ni kitu kingine kabisa, tena kibaya zaidi.

Basi homoni ni nini? Mwilini mna viungo vidogo vinavyoitwa tezi. Ipo moja chini ya ubongo, ndogo kama punje ya njegere, nayo ndiyo mnyapara wa nyingine nyingi. Ipo ya shingoni, zipo mbili juu ya figo, lipo kongosho, na sisi akina mama tuna vifuko viwili vya mayai. Tezi hizi hutengeneza kemikali na kuzimwaga kwenye damu zipeleke ujumbe. Ni kama Katibu wetu anapotuma taarifa ya kikao. Akiwaandikia wachache hatufiki, akiandika mara tano kwa siku tunachanganyikiwa.

Tuanze na hedhi, maana ndiyo dalili iliyo karibu na kila mama. Kwa mwanamke mzima, kutoka siku ya kwanza ya hedhi moja hadi siku ya kwanza ya inayofuata ni siku 21 hadi 35. Damu hutoka siku mbili hadi saba hivi. Anayepata kila baada ya siku 25 na anayepata kila baada ya siku 33 wote ni wazima. Msilinganishe. Kinachotakiwa kukushtua ni kubadilika: ulikuwa wa siku 28 miaka yote, sasa unakaa miezi mitatu, au inakuja kila wiki mbili, au unabadilisha pedi kila saa na kutoa mabonge.

Sasa nikimwuliza mama, "Mara ya mwisho uliona lini?" jibu ni lile lile: "Mwezi juzi juzi hapo." Jamani! Kikundi hiki kimefika miaka kumi kwa sababu ya daftari. Mtu akichelewesha rejesho kwa siku mbili tunajua, na faini analipa. Lakini tarehe za mwili wetu hatuziandiki popote. Chukueni kalenda ya ukutani, tieni alama siku damu inapoanza na inapokatika. Mkienda kwa daktari na miezi sita iliyoandikwa mmemrahisishia kazi, na hawezi kuwaambia mnababaika.

Hedhi ikikatika, kipimo cha kwanza ni cha mimba. Msicheke. Nimewahi kumpokea mama wa miaka 46 aliyekuwa amekunywa majani ya homoni wiki sita, nikamgusa tumbo, mtoto akanipiga teke. Cha pili, je, unanyonyesha? Unatumia sindano au vijiti vya uzazi wa mpango? Maana hivyo navyo ni homoni. Wengi walio kwenye sindano ya miezi mitatu hedhi hupungua au hukata kabisa, na baada ya kuacha inaweza kupita mwaka mzima kabla uzazi haujarudi. Zile habari kwamba damu imepanda kichwani au imejikusanya tumboni hazina ukweli. Sindano huzuia ule utando wa ndani ya kizazi usijengeke, kwa hiyo hakuna cha kutoka. Lakini kama hutumii chochote, huna mimba, hunyonyeshi, na miezi mitatu imepita, nenda ukapimwe.

Nihamie kwenye tezi ya shingo, na hapa naomba mnivumilie kidogo maana ni ya kwetu hasa. Wazee waliopo wanakumbuka rovu. Nyanda za Juu Kusini tulikuwa kati ya sehemu za nchi zilizoathirika sana, kwa sababu udongo wetu hauna madini joto ya kutosha. Katika miaka ya 1980 zikagawiwa dawa za mafuta yenye madini joto, na baadaye chumvi ikaanza kutiwa madini hayo. Ndiyo maana wajukuu wetu hawana shingo zile. Lakini chumvi isiyo na madini joto bado inauzwa kwa kupimwa, na kwa vile ni rahisi tunainunua. Nunueni ya pakiti yenye maandishi ya madini joto, iwekeni kwenye chombo chenye mfuniko, na itieni mchuzi unapokaribia kuiva.

Tezi hii ikizembea, mwili wote hupoa. Unachoka hata hujafanya kazi, unakosa choo siku tatu, ngozi inakauka, nywele zinanyonyoka, uso unavimba asubuhi, unaongezeka uzito na chakula ni kile kile, hedhi inakuwa nyingi, unasahau. Na unasikia baridi. Hapo ndipo taabu yetu watu wa Iringa. Hapa mwezi wa saba nani hasikii baridi? Mtu anavaa sweta mbili, tunaona ni kawaida. Basi jipimeni kwa wenzenu wa nyumba moja: kama watoto wamevua makoti, jua limetoka, na wewe bado unajikunyata, hiyo siyo hali ya hewa.

Ikizidisha kazi mambo hugeuka. Moyo unakwenda mbio umekaa, mikono inatetemeka, unatoka jasho, unakula vizuri na bado unakonda, wengine macho yanatokeza. Mwaka 1997 nilikuwa zahanati moja nje ya mji, akaletwa mama muuza ndizi, amekwisha. Ninyi mnaokumbuka miaka ile mnajua. Mtu akikonda tu, mtaa ulikuwa umeshatoa hukumu. Sahani yake ilishatengwa, na mume alishahamia kwa dada yake. Nilipomshika mkono kuhesabu mapigo ya moyo nikapata 130, na mama wa watu amekaa kwenye benchi. Shingoni pana uvimbe, lakini khanga ilikuwa imeufunika. Hospitali alipopimwa hakuwa na virusi vya UKIMWI, ilikuwa ni tezi. Akapewa vidonge, na baada ya miezi michache alirudi sokoni. Mume naye akarudi. Kama alipokelewa hilo sikuuliza.

Kipimo cha tezi ya shingo ni cha damu, kinaitwa TSH. Zahanati nyingi hazina, hospitali kubwa zinacho. Iliyozembea ina kidonge cha kila siku, hunywewa asubuhi kabla ya kula, na kwa wengi ni cha maisha. Msikiache kwa sababu mmepata nafuu, hiyo nafuu ndiyo kidonge chenyewe.

Sasa niseme na mabinti zetu, nanyi mama zao mnisikilize. Msichana akivunja ungo, miaka miwili mitatu ya mwanzo hedhi huruka, si neno. Lakini akifika ishirini na kitu, anaona hedhi mara nne au tano kwa mwaka, nywele zinamwota kidevuni na kifuani, chunusi haziishi, mwili unaongezeka, na shingoni kwa nyuma pana weusi kama uchafu usiotoka. Mama anamsugua kwa dodoki, anamwita mchafu. Siyo uchafu. Weusi ule mara nyingi huonyesha kwamba insulini, ambayo nayo ni homoni, haifanyi kazi yake sawasawa. Hali hii hutokana na vifuko vya mayai kushindwa kupevusha yai kila mwezi, na si ya watu wachache. Inakadiriwa kwamba takriban mwanamke mmoja katika kumi walio katika umri wa kuzaa anayo, na wengi wao hawajui.

Mwanamke huyu akiolewa asiposhika mimba, mnajua maneno yatakayosemwa. Kumbe wengi wao wakitibiwa huzaa. Aliyenenepa akipunguza hata kilo tano au kumi kati ya mia, hedhi huweza kurudi yenyewe, na dawa za kupevusha yai zipo. Na hata asiyetafuta mtoto asikae mwaka bila hedhi kwa furaha ya kuokoa pedi. Ule utando wa kizazi usipotoka unazidi kuwa mnene, na baada ya miaka unaweza kuleta saratani. Apimwe pia sukari. Na wewe baba unayengoja mtoto, upimwe naye, msimpeleke mmoja.

Kuna dalili mbili nitazipitia haraka, maana si za wengi, lakini zikitokea watu hukimbilia kwa mganga. Ya kwanza ni maziwa kutoka na hunyonyeshi wala huna mimba, na hedhi imekata. Inaweza kuwa ni ile tezi ya chini ya ubongo, hasa ukiwa na kichwa kinachouma na macho kupungua kuona pembeni, au ni dawa fulani unazotumia. Ya pili ni ya sisi wakunga. Mama aliyetokwa damu nyingi sana alipojifungua, kisha maziwa hayakutoka hata tone, hedhi haikurudi, nywele za kwapani zikaisha, na miaka inapita yuko hoi. Damu ile ilipopotea, tezi ilikosa damu ikafa sehemu. Mama kama huyo anaitwa mvivu na mawifi. Apelekwe hospitali, na aseme habari za uzazi ule hata kama ni wa miaka minane iliyopita.

Haya, sasa nataka kugusa kitu ambacho kitaniletea maadui humu ndani. Mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zina dawa kali za jamii ya homoni ya tezi za juu ya figo, kama klobetasoli. Somaneni maandishi kwenye boksi. Ukijipaka mwili mzima kila siku kwa miezi, dawa inaingia kwenye damu, na tezi zako zikiona kazi inafanywa na krimu zinalala. Halafu uso unakuwa wa mviringo, tumbo linakua huku miguu ikikonda, ngozi inapata michirizi na kuchubuka, sukari na presha vinapanda. Ni hivyo hivyo kwa vile vidonge vya deksamethasoni ambavyo mabinti wanameza ili wanenepe. Ukivitumia muda mrefu ukaacha ghafla unaweza kuanguka, kwa sababu tezi zilizolala haziamki siku moja. Kwa hiyo simwambii mtu atupe leo. Namwambia aende kwa daktari aseme ukweli, asione haya, apunguziwe kidogo kidogo.

Tumefika kwetu sisi wa miaka 45 kwenda juu. Hedhi kukoma si ugonjwa. Wengi hukoma kati ya miaka 45 na 55, na kabla ya hapo huyumba miaka kadhaa. Joto la ghafla linapanda kifuani hadi usoni, unalowa jasho usiku, usingizi unaruka, moyo unadunda, unakasirika kwa jambo dogo. Hapa Iringa, usiku wa baridi kali, mama anatupa blanketi na kufungua dirisha, baba anadhani amechanganyikiwa. Akina baba, ndiyo hiyo niliyowaahidi. Mwacheni afungue, ninyi ongezeni blanketi. Kisha kuna ukavu ukeni, tendo la ndoa linauma, mama anakwepa, na baba anaanza kuhesabu visa. Semeni na wahudumu wa afya, tiba ipo, ziko za kupaka na ziko za homoni zenyewe kwa anayefaa. Daktari ndiye anaamua, maana aliyewahi kuugua saratani ya matiti au kuganda damu miguuni hapewi ovyo.

Sasa ndugu zangu, nifike pale nilipokuwa naogopa kufika.

Tuliomjua tunamjua. Jina sitalitaja, na familia yake imeniruhusu kusema. Mwenzetu huyu alinunua hisa siku ile ya kwanza kabisa. Mwaka 2021 hedhi yake ilikuwa imekoma miaka minne. Siku moja akaona matone. Akafurahi kidogo, akamwambia jirani, "Ujana umerudi." Jirani akamwambia ni homoni, na mwenye mkoba akapita. Chupa tatu. Matone yakaendelea, zikanunuliwa nyingine tatu. Fedha alikopa hapa, shilingi 120,000 mara ya kwanza na nyingine kama hiyo mara ya pili. Mimi nilikuwa kwenye kamati ya mikopo. Kwenye fomu, pale palipoandikwa sababu ya mkopo, aliandika "matibabu". Nikasaini. Mkunga mzima, mwenye miaka yote ile wodini, nikaangalia kama amemaliza rejesho la nyuma, nikaona amemaliza, nikasaini. Sikumwuliza matibabu ya nini. Mara ya pili vile vile.

Alikuja kwangu baada ya miezi tisa, kiuno kikimuuma, anatokwa uchafu wenye harufu. Nilijua kabla hajamaliza kueleza. Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi, imeshatoka nje ya kizazi. Alipelekwa Dar es Salaam, Ocean Road, nauli tukatoa kwenye mfuko wa jamii. Alipata mionzi, alirudi, akahudhuria vikao vinne. Tulimzika 2023. Deni lake alikuwa amelimaliza lote.

Kwa hiyo hili ndilo ninaloomba mlikariri hata mkisahau mengine yote. Hedhi ikishakaa miezi kumi na miwili bila kuja, damu yoyote baada ya hapo, hata tone moja, hata ya rangi ya chai, usiiite homoni. Nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Ni hivyo pia kwa damu inayotoka baada ya tendo la ndoa katika umri wowote. Wengi wanaopimwa hukutwa na ukavu tu au kinyama kidogo kisicho na madhara, wakarudi nyumbani wakicheka. Lakini saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi yetu, na inapoanza hainuki wala haiumi. Kile kipimo cha siki cha kampeni ni kwa ambaye bado hana dalili, na mkitangaziwa nendeni. Mwenye damu asingoje kampeni. Yeye daktari amtazame mlango wa kizazi na kuchukua kinyama kikapimwe.

Ndugu Mwenyekiti, nina ombi moja nalo nitalileta rasmi kwenye kikao cha mwezi ujao. Mfuko wa jamii hutoa fedha mtu akilazwa au akifiwa. Naomba utoe pia nauli na gharama ya kipimo cha kwanza kwa mwanachama mwenye dalili kama hizi, bila riba. Na anayeomba mkopo wa matibabu aulizwe na mmoja wetu, faraghani, ni matibabu ya nini na nani amempima. Nitajitolea kuwa huyo mmoja, kama hamtaona ni kuingiliwa. Najua wapo watakaoona ni kuingiliwa, na tutazungumza.

Baada ya chakula nitakuwa kwenye ile meza karibu na mlango, nina mashine ya presha na kalenda ndogo za kutia alama. Ni 60 tu, kwa hiyo wanachama kwanza, wageni mtusamehe. Mwenye swali la siri aje wakati ngoma imechanganya, hakuna atakayemsikia.